Baden-Powell na Tarehe 22 Februari

Mhariri wetu aliniomba niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani, tena awe mtu aliyeacha alama hapa kwetu Nyeri. Sikuhitaji kuumiza kichwa. Mimi nilizaliwa tarehe 22 Februari, na skauti yeyote wa hapa anajua maana ya siku hiyo. Nilipojiunga na skauti nikiwa kidato cha kwanza, mwalimu mlezi aliiona tarehe hiyo kwenye fomu yangu, akacheka, akaniambia kwamba nimezaliwa siku moja na mwenye chama. Kutoka jioni hiyo bwenini sikuitwa tena kwa jina langu. Niliitwa BP, na kuna watu katika shule hii ambao mpaka leo hawajui jina nililobatizwa.

Nililifurahia jina hilo mpaka Februari ya mwaka jana. Nilikuwa nyumbani kwa ruhusa, nikipiga pasi skafu na shati langu la skauti, na nyanya yangu ameketi kando akichambua maharagwe. Nyanya alizaliwa Tetu. Wakati wa Hali ya Hatari alikuwa msichana mdogo, na familia yao ilihamishwa kwa nguvu kutoka shambani ikatiwa katika kijiji kilichozungushiwa mtaro. Aliniuliza nilikuwa najitayarisha kwenda wapi. Nikamwambia naenda kwenye kaburi la mwanzilishi wa skauti, kwa sababu kesho yake ni siku yake ya kuzaliwa. Akataka kujua kama huyo ni yule jenerali Mzungu. Nikakubali. Basi akaniuliza tu, tena kwa upole, tarehe 18 nilikuwa wapi.

Sikuwa na jibu. Nyanya hakunikemea, alirudi kwenye maharagwe yake. Lakini, wenzangu, swali lile lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki. Ndipo nikaingia maktaba, nikawasumbua walimu wa historia na hisabati, na haya ndiyo niliyoyapata. Kuhusu tarehe 18 nitasema mwishoni. Kwanza tumjue mwenye tarehe 22.

Utoto wake

Robert Stephenson Smyth Powell alizaliwa mjini London, Uingereza, tarehe 22 Februari 1857. Baba yake, aliyeitwa Baden Powell, alikuwa kasisi na pia profesa wa jiometri katika Chuo Kikuu cha Oxford. Jina la Robert Stephenson alipewa kwa heshima ya baba yake wa ubatizo, aliyekuwa mhandisi mashuhuri wa reli.

Mwaka wa 1860, mtoto akiwa na umri wa miaka 3 tu, baba yake alifariki. Mama, Henrietta Grace, aliachiwa watoto wengi wa kulea. Mnamo 1869 mama huyo aliyachukua majina yote mawili ya marehemu mumewe akayafanya kuwa jina la ukoo, likawa Baden-Powell. Kwa hivyo jina hili tunalolitaja kila siku ni kazi ya mjane ambaye hakutaka jina la mumewe lipotee.

Kijana alisoma katika shule ya Charterhouse. Karibu na shule palikuwa na msitu, na huko wanafunzi walikatazwa kwenda. Yeye alienda. Alijifunza kunasa sungura na kumpika kwa moto usiotoa moshi mwingi, ili walimu wasimgundue. Hapa naomba walimu wa zamu wasinielewe vibaya. Simshauri mtu yeyote aruke ua. Isitoshe, msitu wao ulikuwa na sungura, na wetu wa Nyandarua una ndovu.

Hakufaulu kuingia Oxford. Wale wenzangu ambao matokeo ya mtihani huwakosesha usingizi, ninyi pia mlijue hilo. Badala yake alifanya mtihani wa jeshi, akafanya vizuri mno, na mwaka wa 1876 akapelekwa India kama afisa wa kikosi cha wapanda farasi.

Maisha ya jeshini

Sifa yake kubwa jeshini ilikuwa upelelezi. Aliweza kusoma nyayo, majani yaliyolala na majivu ya moto uliozimwa, akajua nani amepita na lini. Pia alikuwa na kipawa cha kuchora na cha kuigiza.

Lakini tusidanganyane. Jeshi alilolitumikia ndilo lililokuwa likiitwaa Afrika kipande kwa kipande. Mwaka wa 1888 alikuwa Zululand, katika vita dhidi ya Dinizulu, mwana wa mfalme wa Wazulu. Huko ndiko zilikotoka shanga za mbao ambazo tangu 1919 zimekuwa mfano wa shanga wanazovaa walimu wa skauti waliohitimu mafunzo ya juu. Mwisho wa 1895 na mwanzo wa 1896 alikuwa kwa Waashanti, katika nchi ambayo leo ni Ghana, wakati Waingereza walipomshika mfalme Prempeh na kumpeleka uhamishoni. Mwaka huohuo wa 1896 alipigana na Wandebele katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Huko alishikwa chifu mmoja aitwaye Uwini. Baden-Powell aliagiza ashtakiwe mbele ya mahakama ya kijeshi, na chifu huyo akapigwa risasi. Uchunguzi ulifanywa na wakubwa wake wakamwondolea lawama. Wakubwa hao walikuwa Waingereza wenzake.

Jambo lililomfanya awe maarufu dunia nzima lilitokea Afrika Kusini, katika vita baina ya Waingereza na Makaburu. Tarehe 13 Oktoba 1899 Makaburu waliuzingira mji mdogo wa Mafeking, na Baden-Powell ndiye aliyekuwa mkuu wa majeshi ndani ya mji. Aliwahadaa maadui kwa kila hila. Aliwafanya askari wazike masanduku ya mchanga wakijifanya wanatega mabomu, na wainue miguu juu kama wanaoruka seng'enge ambazo hazikuwapo. Mji ulihimili siku 217, mpaka ulipookolewa tarehe 17 Mei 1900. Huko London watu walijaa barabarani wakiimba na kurusha kofia. Baden-Powell akapandishwa cheo kuwa meja jenerali akiwa na umri wa miaka 43.

Humo Mafeking wavulana wa Kizungu walikuwa wamepangwa katika kikosi cha kupeleka barua na ujumbe, hata kwa baiskeli, huku mizinga ikilia. Baden-Powell aliona kwamba ukimwamini kijana na ukampa kazi ya maana, hakuangushi. Hiyo ndiyo mbegu ya skauti.

Ila kulikuwa na Mafeking nyingine ambayo haikuimbwa London. Ndani ya mji uleule waliishi Waafrika wengi kuliko Wazungu, na Wabarolong walishika bunduki kuulinda. Chakula kilipopungua, Waafrika walipewa kidogo kuliko Wazungu, na wengi walikufa kwa njaa. Haya tunayajua pia kutoka kwa Mwafrika aliyekuwa humo. Sol Plaatje, kijana mkalimani wa mahakama, aliandika shajara ya siku zile. Shajara hiyo ilikaa miaka mingi bila kujulikana, ikachapishwa mwaka wa 1973. Plaatje mwenyewe alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa chama kilichoanzishwa mwaka wa 1912 ambacho baadaye kiliitwa ANC.

Mwanzo wa skauti

Kabla ya Mafeking, Baden-Powell alikuwa ameandika kitabu kidogo cha kuwafunza askari upelelezi. Aliporudi Uingereza alishangaa kukuta kinasomwa na watoto. Akaamua kuwaandikia cha kwao, lakini kwanza akajaribu mawazo yake. Mwezi wa Agosti mwaka wa 1907 aliwachukua wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea. Wengine walikuwa wa matajiri waliosoma shule za fahari, na wengine wa wafanyakazi wa kawaida. Aliwachanganya katika vikundi vidogo, kila kikundi na kiongozi wake, wakapika, wakafuata nyayo, wakalala katika mahema. Mtoto wa tajiri alikoroga sufuria moja na mtoto wa fundi.

Mwaka wa 1908 alitoa kitabu chake Scouting for Boys, na mambo yakaenea kama moto wa nyika. Mwaka wa 1909, katika mkutano mkubwa wa skauti huko London, walitokea wasichana ambao hakuna aliyewaalika, wamevaa kofia kama kaka zao, wakidai na wao ni skauti. Sisi wasichana tunawashukuru dada wale kwa ukaidi wao. Mwaka uliofuata kikaanzishwa chama chao, Girl Guides, na dadake Baden-Powell aitwaye Agnes akasaidia kukiongoza. Mwaka huohuo wa 1910 Baden-Powell aliacha jeshi ili awashughulikie vijana tu. Kwenye jambori ya kwanza ya dunia, London, mwaka wa 1920, vijana walimtangaza kuwa Mkuu wa Skauti wa Dunia nzima. Leo hii dunia ina maskauti zaidi ya milioni 50.

Hapa pia kuna jambo la kusemwa. Sheria ya skauti inasema skauti ni ndugu wa kila skauti. Hata hivyo, huko Afrika Kusini wavulana Waafrika hawakuruhusiwa kuwa skauti pamoja na Wazungu, wakaundiwa chama chao kando. Sheria ilikuwa nzuri kuliko walioitekeleza.

Siku moja, watu wawili

Sasa tufike kwenye utamu wa tarehe yenyewe. Januari 1912 Baden-Powell alikuwa melini akielekea visiwa vya Karibi. Humo alikutana na msichana aitwaye Olave Soames. Yeye alikuwa na umri wa miaka 54, msichana 22. Walipozungumza waligundua kwamba wote wawili wamezaliwa tarehe 22 Februari, yeye mwaka wa 1857 na msichana mwaka wa 1889. Tofauti yao ilikuwa miaka 32 kamili, bila siku kuzidi wala kupungua. Walifunga ndoa tarehe 30 Oktoba mwaka huohuo, katika kanisa la Mtakatifu Petro, Parkstone. Mtoto wao wa kwanza, Peter, alizaliwa tarehe 30 Oktoba 1913, yaani siku ileile arusi ilipotimiza mwaka mmoja! Baadaye walipata mabinti wawili, Heather na Betty. Olave naye alitajwa kuwa Mkuu wa Girl Guides wa Dunia mwaka wa 1930.

Mwaka wa 1926 viongozi wa Girl Guides walikutana Marekani, wakataka kuwe na siku moja ambayo wasichana wa nchi zote watakumbukana. Wakaichagua 22 Februari kwa sababu ya mume na mke hao. Skauti nao huiadhimisha kama siku ya mwanzilishi. Kwa hivyo siku yangu ya kuzaliwa haipiti bila gwaride mahali fulani duniani. Keki ndiyo huwa sipati.

Paxtu, Nyeri

Huenda unajiuliza, mtu wa London alifikaje Nyeri? Alikuwa na rafiki aitwaye Eric Sherbrooke Walker, ambaye zamani aliwahi kuwa katibu wake. Walker ndiye aliyejenga hoteli ya Outspan hapa Nyeri, na mwaka wa 1932 akajenga Treetops juu ya mti katika msitu wa Nyandarua. Baden-Powell alikuja kumtembelea mwaka wa 1935 akapapenda mahali hapa. Afya yake ilipodhoofika, alijengewa nyumba ndogo katika uwanja wa Outspan. Walihamia humo mwaka wa 1938.

Nyumba yao ya Uingereza iliitwa Pax Hill. Pax kwa Kilatini ni amani. Hii ya Nyeri wakaiita Paxtu, kwa maana ya Pax ya pili. Mimi lakini nilipoona jina hilo mara ya kwanza nilisoma kwa Kiswahili, nikaelewa ni amani tu, basi. Sioni kama nilikosea. Jenerali aliyezunguka dunia kwa vita alimalizia siku zake barazani, akichora ndege na wanyama, akiandika vitabu kuwahusu, na asubuhi mawingu yakifunguka akiutazama Mlima Kenya.

Alifariki humo Paxtu tarehe 8 Januari 1941, akiwa na umri wa miaka 83. Zilikuwa zimebaki siku 45 atimize 84. Alizikwa katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro hapa mjini. Ni jambo la ajabu kidogo kwamba aliolea katika kanisa la Petro na kuzikwa kwa Petro, na kwamba katika kalenda ya Wakatoliki 22 Februari ni sikukuu ya Ukulu wa Mtakatifu Petro. Olave alifariki mwezi wa Juni mwaka wa 1977, na majivu yake yakaletwa kaburini humohumo. Kaburi hilo ni mnara wa taifa la Kenya.

Wengi wetu tumeliona. Jiwe lake lina duara na nukta katikati. Mgeni anaweza kudhani ni pambo, lakini skauti anajua ni alama ya njiani, yenye maana kwamba aliyeiacha amemaliza safari yake na ameenda nyumbani.

Wengine wa siku hiyo

Baada ya kuyajua hayo nilitaka kujua kama siku hii ni ya Baden-Powell na mkewe peke yao. Kumbe wapi! George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, huhesabiwa kuwa alizaliwa 22 Februari 1732. Siku aliyozaliwa kalenda iliyotumika ilisoma 11 Februari, na Waingereza walipobadilisha kalenda mwaka wa 1752 ndipo ikawa 22. Kwa hivyo hata tarehe yenyewe si msumari uliopigiliwa ukutani.

Heinrich Hertz, yule wa somo la fizikia, alizaliwa Hamburg, Ujerumani, tarehe 22 Februari 1857. Umeona mwaka huo? Ni siku ileile moja na Baden-Powell! Mmoja alipewa miaka 83. Mwingine alifariki mwaka wa 1894 akiwa na umri wa miaka 36, lakini kabla ya hapo alikuwa amethibitisha kwa majaribio kwamba mawimbi ya sumakuumeme yapo. Redio na simu za mkononi zimetokana na kazi hiyo, na jina lake ndilo kipimo cha masafa. Sijaona gwaride lolote la Hertz.

Wako pia waliofikwa na mauti siku hiyo. Tarehe 22 Februari 2002 Jonas Savimbi aliuawa vitani Angola, na wiki chache baadaye vita vilivyokuwa vimedumu tangu 1975 vikasimama. Na tarehe 22 Februari 1943, mjini Munich, wanafunzi watatu wa chuo kikuu walikatwa vichwa na serikali ya Hitler. Walikuwa Sophie Scholl, kakake Hans, na Christoph Probst. Sophie alikuwa na umri wa miaka 21. Kosa lao lilikuwa kuandika na kusambaza karatasi za kuupinga utawala huo. Hitler alikuwa amepiga skauti marufuku na kuwavisha vijana wote sare yake. Hans mwenyewe aliwahi kuivaa, kisha akaivua moyoni. Nilipoisoma habari hiyo nilijiuliza kama mimi ninavaa sare yangu kwa kufikiri au kwa kufuata wenzangu.

Nilikwenda kwa mwalimu wa hisabati nikamwambia kwamba nimeona miujiza. Akanikalisha chini. Akanionyesha kwamba watu 23 tu wakikusanyika, uwezekano wa wawili kushiriki siku ya kuzaliwa unazidi nusu. Wakiwa 40 ni karibu 9 katika 10. Sikuamini, nikachukua orodha ya Chama cha Kiswahili. Tuko 41, na nilipata jozi mbili! Basi mwaka una siku 365 na dunia ina watu chungu nzima, lazima tugongane. Tarehe kushirikiwa si ajabu hata kidogo. Kinachohitaji kuelezwa ni kwa nini, kati ya wote wa siku moja, tunamchagua huyu tukamsahau yule.

Siku nne

Hapo ndipo niliporudi kwenye swali la nyanya.

Dedan Kimathi Waciuri alizaliwa Tetu tarehe 31 Oktoba 1920. Aliongoza wapiganaji wa msituni, katika Nyandarua hiihii tunayoiona kutoka uwanja wa michezo. Tarehe 21 Oktoba 1956 alipigwa risasi, akashikwa, na Novemba akahukumiwa hapa Nyeri mjini. Alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akazikwa humo gerezani bila alama yoyote. Mkewe, Mukami Kimathi, aliomba kwa miaka mingi aonyeshwe kaburi la mumewe amzike kwa heshima. Mama huyo alifariki tarehe 4 Mei 2023 bila kuitimiza haja hiyo.

Sasa, msomaji, hebu hesabu pamoja nami. Kimathi alinyongwa 18 Februari 1957. Siku nne baadaye, 22 Februari 1957, ilitimia miaka 100 kamili tangu kuzaliwa kwa Baden-Powell. Mwaka huo ulikuwa wa jubilii kwa skauti duniani, na Agosti ikafanywa jambori kubwa Uingereza. Mtu mmoja wa Nyeri alikuwa na jiwe linaloutazama mlima na tarehe zake zimechongwa. Mwingine wa Nyeri, mwenyeji kabisa, hakuwa na hata kijiti. Na wale wanafunzi wa Munich? Sophie na Hans walishikwa 18 Februari, wakauawa 22 Februari. Ni siku nne zilezile. Najua mwalimu wa hisabati atasema ni bahati ya hesabu tu, na ni kweli. Lakini mimi nilipoziona pamoja, nilielewa nyanya alikuwa ananiuliza nini. Hakunikataza kwenda tarehe 22. Aliniuliza nimeanza kuhesabu kutoka wapi.

Haki haikulala milele. Tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 tangu anyongwe, sanamu ya Kimathi ilizinduliwa jijini Nairobi. Siku nne baadaye Baden-Powell alitimiza miaka 150 tangu kuzaliwa. Na hapa kwetu, chuo kikuu kina jina la Kimathi.

Je, tunajifunza nini? Wapo watakaosema tuache kwenda kaburini kwa Baden-Powell. Mimi sisemi hivyo. Wahenga walisema mgala muue na haki yake mpe. Mtu huyu aliwatumikia waliotutawala, na mtu huyohuyo aliamini kwamba kijana wa miaka 12 anaweza kuaminiwa, jambo ambalo watu wazima wengi wa wakati wake hawakuliamini. Nimejifunza kufunga jeraha, kuwasha moto wakati wa mvua na kusimamia kikundi, yote kutokana na wazo lake. Hayo ni yake, apewe. Wandebele, Wabarolong na Uwini nao ni wake, apewe pia. Kinachonichoma ni kusimulia nusu, tukaimba gwaride la 22 huku 18 imepita kimya.

Mwaka huu tulijaribu kurekebisha. Tarehe 18, kabla ya masomo ya asubuhi, maskauti wa shule yetu tulisimama kimya kwa dakika moja mbele ya bendera, na mmoja wetu akasoma maisha ya Kimathi kwa Kiswahili. Ni jambo dogo, wala hatukuhitaji basi la shule. Tarehe 22 tukaenda kaburini kama kawaida. Naomba Chama cha Kiswahili kiyafanye haya kuwa desturi, ili wanaokuja nyuma yetu wahesabu siku zote nne.

Jioni ile nilimpigia nyanya simu nikamweleza yote, kuanzia tarehe 18 mpaka kurudi kutoka makaburini. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama kuna mtu yeyote aliyekumbuka siku yangu ya kuzaliwa katika shughuli zote hizo. Nikacheka, nikamwambia hakuna. Akasema yeye hajawahi kuisahau, kwani 22 Februari ndiyo siku aliyopata mjukuu, na mambo ya majenerali ameyajua juzi tu kutoka kwangu.

Wenzangu wa kidato cha nne, nawatakia kila la heri katika mtihani. Mkipata nafasi, tafuteni ni nani wengine wa siku yenu.